Mnara Uliojengwa kwa Ajili ya Maongezi

Uyole, Mbeya
14 Juni 2025

Mpwa wangu,

Juni ya Uyole unaijua: barafu imeunguza viazi vya jirani, na mimi koti silivui mpaka saa nne asubuhi.

Swali la andiko lako la chuo nimelisoma zaidi ya mara moja. Unasema kwa mama yako kule Mwakaleli, Rungwe, simu inaonyesha mistari yote imejaa lakini picha ya WhatsApp inazunguka tu haifunguki, wakati hapo Kihesa, Iringa, kwa mistari miwili unaangalia mpira bila kukwama. Ukaongeza kwamba kampuni za simu zina uchoyo, ziwashe tu 4G, kwani mnara si tayari upo? Uchoyo sitautetea wala sitaukataa. Hilo la "mnara tayari upo" ndilo lililonikalisha mezani niandike barua badala ya ujumbe wa simu. Mnara ule wa kwa mama yako ulijengwa kwa kazi nyingine, na karibu kila uamuzi uliofanyika pale, kuanzia kilima chenyewe ulikosimama, unapingana na kazi unayoitaka leo.

Tuanze na mistari. Inapima jambo moja tu: simu inausikia mnara kwa nguvu kiasi gani. Haikwambii mnara una nini cha kukupa, wala mko wangapi mnaoomba kwa wakati mmoja, wala data hiyo inafikaje mnarani. Kaherufi kadogo kanakokaa kando ya mistari ndiko kenye habari: E, 3G, H+, 4G. Ukienda likizo soma herufi.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana wewe hukuyaona haya. Simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994 na Mobitel, wakati uleule Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa ikazaliwa kampuni ya simu ya TTCL. Huku kwetu tulizisikia redioni tu. Mtu wa Tukuyu aliyetaka kuongea na ndugu yake Dar alipanga foleni kwenye simu ya posta, au aliwabembeleza watu wa misheni wamruhusu atumie simu yao ya upepo, nusu ya maneno yakipotelea hewani. Vodacom ikaanza mwaka 2000, Celtel 2001, na minara ikaanza kupanda na barabara ya TANZAM: Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, mpaka Tunduma. Mimi niliingia kama kibarua wa kuvuta nyaya kwa mkandarasi, kijana wa rika lako, nikapandishwa juu siku fundi wao mmoja alipougua malaria.

Agizo la siku zile lilikuwa moja: fika mbali. Mnara ni ghali, barabara hakuna, umeme hakuna, na hakuna aliyejua kama mkulima wa viazi atanunua vocha. Kwa hiyo tulitafuta vilima virefu. Loleza pale juu ya jiji la Mbeya imebeba milingoti kwa sababu hiyohiyo, inaona kila upande. Antena tuliziinua zitazame upeo wa macho, zirushe mawimbi juu ya mabonde. Masafa ya megahezi 900 yalitusaidia: yanakwenda mbali, yanajikunja kidogo kwenye mgongo wa kilima, na majani ya migomba hayayasumbui sana. Teknolojia yenyewe, 2G, ilikuwa na ukomo wa kilomita 35 hivi. Kila simu hupewa zamu yake ya kusema, zamu fupi mno, na simu iliyo mbali sauti yake huchelewa njiani ikaangukia zamu ya mwenzake. Basi mnara huiambia ianze mapema kidogo. Kuna hatua 63 za kuwahi namna hiyo, kila moja kama mita 550. Zikiisha, hata mnara ukikusikia vizuri, haukuhudumii. Ukiwa kwenye tambarare za Usangu, ambako hakuna kilima cha kuzuia wimbi mpaka kwenye ukingo wa milima, ukomo huo unaweza kukupata huku mistari ikiwepo.

Hesabu ya mnara wa namna hiyo ni nzuri sana, ifanye mwenyewe. Masafa ya 2G yamekatwa vipande vya kilohezi 200, na kila kipande kina zamu nane. Mnara wa kijijini ulikuwa na nyuso tatu, kila uso vipande viwili, yaani zamu 16. Toa mbili za mnara na simu kupeana maelekezo, zinabaki 14. Mara tatu, ni watu 42 wanaoongea kwa wakati mmoja. Sauti ya kila mmoja imebanwa mpaka kilobiti 13 kwa sekunde, na huko nyuma inasafirishwa kwenye njia ya kilobiti 16. Zidisha: 672. Kata nzima, wachumba na wadaiwa na wanaotangaza misiba, wote pamoja hawafiki kilobiti 700. Wewe peke yako hapo Kihesa ukiangalia mpira kwa picha safi unatumia mara tatu ya hapo, na dakika zote 90 hujasema neno.

Ndiyo maana nyuma ya mnara tulifunga njia ya megabiti 2 tu, na hata hiyo haikujaa. Shika namba hiyo, nitairudia.

Kuna tofauti nyingine kubwa kuliko wingi. Maongezi yanataka njia iliyotengwa. Ukipiga simu, unapewa zamu yako na inabaki yako mpaka ukate, hata mkinyamaza wote wawili. Data haitaki hivyo. Umewaona wakulima pale njiapanda ya Uyole wanavyosafirisha viazi kwenda Dar: hakuna anayekodi lori zima kwa magunia matano. Kila gunia limeandikwa jina la mpokeaji kwa kalamu ya wino mzito, linapanda lori lolote lenye nafasi, na sokoni mwenye mali anakusanya yaliyo yake, moja likiwa limewahi, jingine limechelewa. Intaneti iko hivyo. Picha inakatwakatwa, kila kipande kinaandikwa anwani, kinapita palipo wazi. Mtandao wa simu wa 2001 ulikuwa haujui habari za magunia. Ulijua kukodisha lori tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa mnara mpya. Ilikuwa kuufundisha mtandao uleule wa kukodisha uchukue magunia kwenye nafasi zinazobaki. Ndiyo GPRS, na baadaye EDGE, ile E unayoidharau. Zamu ambazo hazina mwongeaji zinapewa data; akitokea mwongeaji, data inapisha. Ukitumia zamu nne za E kwa mahesabu ya vitabuni unafika kama kilobiti 236 kwa sekunde. Kwenye mnara halisi, saa mbili usiku, watu wakiwa wanapiga simu za ofa, unabakiwa na makombo. Na simu nyingi zikiwa kwenye E haziwezi mawili kwa pamoja: mama yako akipokea simu, picha iliyokuwa inashuka inasimama inamsubiri amalize. Mama yako unamjua, hamalizi.

Mwaka 2007 Vodacom ikawasha 3G Dar es Salaam. Huku ilichukua muda, na ilianzia mijini, Mbeya na Iringa, wakati mabonde yanabaki na E yao. Wengi wanadhani ni kubagua tu. Kubagua kupo, mwenye fedha anafuatwa kwanza, lakini fizikia nayo ilibagua. 3G ililetwa kwenye megahezi 2100. Wimbi fupi namna hiyo halijikunji kirahisi, likikuta kilima linaishia hapo, likikuta miti iliyolowa linanywewa. Hata kabla halijatoka mnarani lilikuwa limeshapungua. Zamani redio zilikaa chini, ndani ya kontena lenye kiyoyozi, na kutoka hapo ulipanda waya mnene tuliouita fida mpaka kwenye antena. Waya ule nimeupandisha begani: mweusi, mnene karibu kama kiwiko cha mtoto, haukunjiki ovyo, na ukiukunja kupita kiasi umeuharibu. Kwenye mnara wa mita 50, kwa masafa ya 2100, karibu nusu ya nguvu ilipotelea ndani ya waya huo. Dizeli ya watu inapasha joto waya! Dawa yake ilikuja baadaye: redio zikafungashwa kwenye maboksi ya chuma yenye mapezi ya kupooza joto, zikapandishwa juu kabisa nyuma ya antena, na kutoka chini unakuja uzi wa mkongo mwembamba na waya wa umeme. Ukiona mnara umebeba maboksi mabegani huko juu, ujue huo umeguswa. Ukiona fida nene zinateremka mpaka kontena, huo ni wa enzi zangu.

3G ina tabia moja ambayo 2G haikuwa nayo. Watu wote wanasema kwa wakati mmoja kwenye masafa yaleyale na mnara unawatofautisha kwa misimbo. Wakizidi, kelele zinazidi, na wa pembeni kabisa hasikiki tena. Eneo la mnara linanywea jioni na kupanuka usiku wa manane. Vijana wa Ilula walioamka saa nane usiku kupakua nyimbo hawakufuata bei ya bando la usiku peke yake.

Sasa ile namba, megabiti 2. Hapa ndipo penye jibu lako hasa, na ndipo mwalimu wako akikuuliza uweke nguvu.

Mnara hauzalishi intaneti. Ziangalie zile sahani nyeupe za mviringo zilizofungwa ubavuni mwa mnara: hazikutazami wewe, zinatazama mnara mwingine kilima cha pili. Huo nao unatazama wa tatu, mpaka zifike kwenye barabara kuu ulikozikwa mkongo. Kila mnara njiani unaongeza mzigo wake kwenye mnyororo huohuo. Kwa maongezi ilitosha kabisa, kilobiti 672 ndani ya megabiti 2. Sasa chukua redio ya 4G yenye masafa ya megahezi 20: kila uso unaweza kutoa mpaka megabiti 150 kwa sekunde kwenye mazingira mazuri. Ifunge kwenye mnara wa Mwakaleli bila kugusa sahani. Simu itaandika 4G kwa mbwembwe zote, na kasi itabaki ileile, kwa sababu kijiji kizima kinapita kwenye tundu lililochimbwa kwa ajili ya maongezi. Nimeiona hiyo kwa macho, siyo mara moja. Meneja anapiga picha ya herufi kwenye simu, anaituma makao makuu, kazi imekwisha.

Na Rungwe inavyonyesha! Sahani za masafa ya juu, gigahezi 15 au 23, mvua inazila. Redio za kisasa zimepewa akili ya kupunguza mwendo mvua ikizidi ili kiungo kisikatike kabisa. Mama yako akikwambia mtandao "unalegea" mvua ikianza, usimcheke, ameeleza kitaalamu.

Mkongo ndio uliobadilisha mambo, kuliko herufi zote. Waya wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam Julai 2009, wa EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tunapita kwa setilaiti, ukibonyeza unasubiri. Mwaka huohuo wa 2009 serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa, ukapita Iringa na Mbeya mpaka mipakani, Tunduma upande wa Zambia na Kasumulu upande wa Malawi. Sehemu nyingine nyuzi zake zinapita juu, ndani ya waya wa kinga wa nguzo kubwa za umeme za TANESCO, watu wanapita chini hawajui. Halotel nayo ilipoanza Oktoba 2015 ilikuja na mkongo wake wa maelfu ya kilomita, jambo lililowafanya wenzake waamke usingizini. Iringa mjini na Mbeya mjini ziko juu ya njia hizo. Kihesa yako iko hatua chache kutoka kwenye mkongo. Mwakaleli iko vilima kadhaa kutoka hapo. Tofauti ya mistari miwili yenye mpira na mistari minne isiyo na picha iko kwenye vilima hivyo.

Unakumbuka 12 Mei 2024, ile Jumapili mlipolalamika wote kwamba hakuna kinachofunguka? Nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili baharini. Lakini ulinipigia simu ya kawaida, tukaongea vizuri. Maongezi ya Iringa na Mbeya hayaendi baharini. Mtandao wa zamani na mpya vinakaa kwenye mnara mmoja lakini vinategemea vitu tofauti, na hilo huonekana siku kama hiyo.

4G yenyewe ina kisa kizuri cha huku kwetu. Masafa mazuri ya kwenda mbali, chini ya megahezi 900, yalikuwa yamekaliwa na televisheni. Mwaka 2013 Mbeya ikazimiwa matangazo ya analojia, watu wakanung'unika kununua ving'amuzi, babu yako akaapa hatanunua na akanunua wiki ya Kombe la Dunia mwaka uliofuata. Waliokuwa wananung'unika hawakuambiwa kwamba dijitali inabana chaneli nyingi ndani ya nafasi ya moja, na nafasi iliyobaki itapewa simu. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilikuja kuyanadi masafa ya megahezi 700 mwaka 2018. Masafa yaliyokuwa yanaleta taarifa ya habari ya saa mbili sasa yanaweza kuleta intaneti ya kasi mpaka nyuma ya kilima ambako 2100 haikufika. Mnara wa 4G wenye 700 unafaa milimani kuliko wenye 1800. Ukisikia kampuni imefika kijiji fulani na 4G, uliza kwa masafa gani.

Jambo linalowashangaza wengi: 4G haikuzaliwa na maongezi. Ni mtandao wa magunia mtupu. Jaribu hapo ulipo: simu ikiwa inaonyesha 4G, mpigie mwenzako, kisha tazama juu ya kioo. Ikishuka ikaandika 3G au H+, maana yake simu imeuacha mtandao mpya, imerudi kwa mzee wake kuomba njia ya kuongelea, na ukikata itapanda tena. Ikibaki 4G, basi kampuni yako na simu yako vyote vimewezeshwa kupitisha sauti kama data, yaani sauti yako nayo inakatwakatwa na kuandikwa anwani. Tulianza na data kuwa mgeni kwenye mtandao wa sauti. Sasa sauti ndiyo mgeni kwenye mtandao wa data.

Nikwambie la Kilolo, maana mahesabu peke yake yatakudanganya. Tulitumwa kuupandisha mnara mmoja wa huko. Kampuni siitaji. Kazi ilikuwa kutoa antena za zamani, kuweka mpya zinazobeba 2G, 3G na 4G kwa pamoja, na kuziinamisha. Kuinamisha ndiko kwenyewe. Ya zamani ilikuwa imeinama nyuzi mbili, karibu inatazama mbele moja kwa moja. Karatasi ya mpango ilisema sita. Sababu inaeleweka: data inataka mtu awe karibu na asikike safi, na antena inayorusha mbali inaingilia minara mingine. Fundi anakaza boliti, anatazama kipimo, anasema tayari. Kwenye vipimo vyetu kasi pale senta ilipanda vizuri, vijana wa bodaboda wakawa wanaonyeshana video. Siku ya pili akaja mzee kutoka mgongo wa kilima cha ng'ambo, ametembea na simu yake ya kitochi mkononi, imefungwa mpira betri isidondoke. Akauliza, "Ninyi mmekuja kuleta mtandao au kuuchukua?" Alikuwa akisimama kwenye mti mmoja shambani kwake anapata mistari miwili, anaongea na mwanawe Mafinga. Sasa hakuna kitu.

Alikuwa na haki. Kwenye ramani ya ofisini kijiji chake kilikuwa hakimo tangu mwanzo. Alikuwa anaokota wimbi lililopita juu yake bahati nasibu. Lakini kwake lilikuwa ndilo mtandao. Kiongozi wetu alimwambia aandike malalamiko. Nilimtazama mzee nikajua hataandika. Tulirudi juu tukaulegeza uso mmoja kwa nyuzi mbili, jioni hiyohiyo, na ripoti ikasema sita.

Utakapofanya kazi hii utakutana na ramani zenye rangi, na watu watakuonyesha asilimia. Rangi inasema wimbi linafika. Haisemi mzee wa ng'ambo anapata nini kwa kitochi chake, wala mama yako anapata nini saa mbili usiku mvua inanyesha. Mimi siamini ramani ambayo mchoraji wake hajapanda daladala ya kwenda huko.

Unaweza kuuliza, basi kwa nini 2G isizimwe, masafa yake yote yapewe 4G? Ujerumani walizima 3G mwaka 2021 wakaiacha 2G inaendelea. Sisi tuna sababu kubwa zaidi yao. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa 2008, mama anayeuza parachichi Tukuyu analipwa kwa *150*00# kwenye simu ya batani. Menyu ile haihitaji bando. Inapita kwenye zile zamu mbili nilizokwambia uzitoe, za maelekezo, kitu chembamba mno, hata kwenye mstari mmoja unaoyumba inapita. Zima 2G na umezima pochi ya nusu ya soko la Mwanjelwa. Kwa hiyo wahandisi wanaibana: vipande vichache vya kilohezi 200 vinabaki kwa ajili ya vitochi, vingine vinakunjwa kuwa 4G.

Umeme usiusahau kwenye andiko lako. Mnara wa maongezi ulitosheka na jenereta ndogo na betri. Mlinzi aliwachajia wanakijiji simu pembeni na kujipatia chochote. Ukiongeza redio za 3G na 4G unaongeza ulaji, na dizeli inapandishwa kilimani kwa trekta wakati wa masika. Sola imesaidia sana, ila betri zinaibwa. Mnara ukizimika katikati ya mnyororo wa sahani, minara yote iliyo nyuma yake inazimika nao, hata kama ina umeme wake.

Nani alipe? Kampuni ikipiga hesabu ya Mwakaleli peke yake inaona hasara, ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 ikaunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kampuni zichangie na maeneo yasiyo na faida yajengewe. Mei 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara mipya 758, Rais Samia akishuhudia. Magazeti yalishangilia hiyo 758. Mimi niliangalia namba ya chini yake: minara 304 ya zamani ipandishwe kutoka 2G kwenda 3G na 4G. Hiyo ndiyo kazi yetu hasa, wewe na mimi. Kujenga mpya kuna sherehe na utepe. Kupandisha wa zamani ni kubadili antena, sahani, betri na wakati mwingine kukubali kwamba kilima chenyewe kilikuwa sahihi kwa sauti na si sahihi kwa data, ukaweka mnara mdogo chini, karibu na soko na shule, na ule wa juu ukabaki kuwa njia ya kupitishia.

Ndicho ninachodhani Mwakaleli inahitaji. Nilipopita mwezi wa nne niliona wameanza kuchimba msingi chini karibu na barabara, sijui wa kampuni gani. Mwambie mama yako kwa sasa asinunue bando kubwa la wiki, ananunua kasi ambayo haipo. Achukue dogo la siku, atume picha asubuhi na mapema kabla watu hawajaamka. Na asihangaike kupanda kwenye kichuguu na simu. Mistari anayo tayari.

Kuhusu mafunzo kwa vitendo, usikubali wakuweke ofisini kuchapa ripoti, wala usikimbilie kupanda minara kwa ajili ya picha. Omba kikosi cha usafirishaji, wale wanaoshughulika na sahani na mkongo. Wasichana huwa wanaambiwa hakuna nafasi. Ukiambiwa hivyo nipigie, mkuu wa kikosi cha huku tulianza naye kuvuta fida. Fomu ya chuo nitumie kabla ya mwisho wa mwezi, uiskani vizuri, ile ya mwanzo ilikuwa na kivuli cha kidole chako kwenye mhuri. Buti utapata kwangu, koti njoo nalo.

Mjomba wako